Kikombe cha mwanangu na kura za ukoo

Mwaka jana mwanangu alipewa kikombe cha mchezaji bora wa msimu. Kikombe chenyewe kiko sebuleni mpaka leo, juu ya kabati, ubavuni mwa chetezo cha bibi yake. Kila nikipita nakiona, na kila nikikiona moyo unanisuta, kwa sababu kikombe kile hakushinda yeye. Nilishinda mie, kwa simu yangu, nimekaa kitandani saa sita ya usiku.

Nieleze ilivyokuwa. Timu yetu ni ya watoto wa mtaani, chini ya miaka 13, wengi wao watoto wa watu wetu wa Al Hail na Mawaleh. Wanacheza Alkhamisi usiku kwenye viwanja vile vya kukodi vya majani ya bandia. Hatuna mdhamini. Kila mzazi anatoa riali kadhaa kwa mwezi, mmoja analeta maji, mwengine mipira, na kocha ni kijana wetu mmoja anayefanya kwa mapenzi tu. Msimu ulipokwisha tukakodi istiraha Barka, pilau likapikwa, mishikaki ikachomwa, na ikaamuliwa kuwe na tuzo kama zile za timu za Ulaya. Tuzo tatu. Mfungaji bora ilikuwa hesabu ya magoli, haina maneno. Ya nidhamu alichagua kocha. Ile kubwa, ya mchezaji bora wa msimu, mmoja wetu akasema tupige kura kwa simu: majina manne, unabonyeza moja, basi. Sote tukaona vizuri, tena mambo ya kisasa.

Kura ikawa wazi siku tatu, na mtu yeyote akipelekewa ile linki aliweza kubonyeza. Siku ya kwanza mwanangu alikuwa wa tatu. Usiku ule nikaipeleka linki kwenye grupu la familia. Na magrupu yetu sisi mnayajua: watu wa Muscat wamo, wa Dubai wamo, mashangazi wa Unguja, mabinamu wa London, mpaka mjomba mmoja wa Toronto ambaye huwa hasemi kitu ila Eid mpaka Eid. Nikaandika, "Mpigieni kura mtoto wenu." Asubuhi yake alikuwa wa kwanza, na wa pili hamwoni hata vumbi. Dada yangu aliyeko Unguja, ambaye hajawahi kuiona mechi hata moja, alipiga kwa simu yake, kwa ya mumewe, na kwa ya msichana wa kazi. Akanitumia na vikaragosi vya kucheka.

Wa mwisho katika wale wanne alikuwa kipa wetu. Kura saba.

Ni mtoto mmoja mkimya, mkononi kila mara ana glavu ambazo zimemzidi. Baba yake ametangulia mbele ya haki, mama yake ni mwalimu wa skuli, na jamaa zao ni wachache. Hawana grupu la watu sitini. Mechi za msimu ule mie sikukosa ila mbili, kwa hivyo siwezi kusema sikuona. Nusu fainali alidaka penalti mbili. Mechi ya mwisho tulizidiwa kila kitu, mpira ulikuwa golini kwetu muda wote, tukashinda 1-0. Goli alifunga mwanangu, ni kweli, na nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Lakini lile goli moja lingekuwa la kufutia machozi tu kama yule mtoto angekuwa amelala siku ile. Kocha alijua. Watoto ndio walijua zaidi. Jina la mwanangu liliposomwa walipiga makofi vizuri, ila nilimwona mwanangu mwenyewe akimwangalia kipa kwanza, halafu ndiyo akainuka. Garini, njia ya kurudi, akaniuliza, "Baba, kwani kura zilikuwa ngapi?" Nikamwambia nyingi. Hakuuliza tena.

Nayasema haya sasa kwa sababu msimu wa tuzo umeingia tena. Kila klabu inatoa picha za wachezaji wamevaa suti wameshika vikombe vya kioo, na vijana wetu huku Ghuba wanakesha kupiga kura kwenye mitandao ya timu ambazo viwanja vyake hawajavitia mguu. Sina ugomvi na hilo. Mie mwenyewe ni mtu wa Manchester United tangu siku za kuangalia mpira kwa antena. Ila nataka tuangalie kura hizi zinasema nini.

United wana tuzo mbili ambazo ni vyema kuzitazama pamoja. Moja ni ya mashabiki, imepewa jina la Sir Matt Busby. Nyengine wanapigiana wachezaji wenyewe. Miaka mingine zote mbili zinakwenda kwa mtu mmoja: David de Gea alizichukua zote msimu wa 2017-18, na Luke Shaw msimu uliofuata. Lakini tazama pale zinapoachana. Msimu wa 2016-17 mashabiki walimchagua Ander Herrera, wachezaji wakamchagua Antonio Valencia. Msimu wa 2020-21 mashabiki walimchagua Bruno Fernandes, wachezaji wakamchagua Luke Shaw. Msimu wa 2021-22 mashabiki walimpa Cristiano Ronaldo, wachezaji wakampa De Gea. Na 2023-24 mashabiki Bruno tena, wachezaji Diogo Dalot. Yaani beki wa kulia, beki wa kushoto, kipa, beki. Mara zote nne wale waliokuwa ndani ya uwanja wamekwenda kumtafuta mtu nyuma, na sisi wa nje tumekwenda mbele.

Sisemi mashabiki walikosea. Ronaldo msimu ule alifunga magoli 18 kwenye ligi, katika timu iliyomaliza ya sita na ambayo wachezaji wake waliripotiwa kuomba hafla ya tuzo isifanyike kwa aibu. Kumpa yeye si dhambi. Wala mtu asiniambie mashabiki hawamwoni kipa kabisa, maana De Gea hiyo hiyo tuzo ya Busby aliipata mara nne, na tatu kati ya hizo mfululizo, kuanzia 2014 mpaka 2016. Lakini kumbukeni ile ilikuwa miaka gani. Ferguson ameondoka, timu imemaliza ya saba, kila wiki De Gea anaokoa mpira ambao ungekuwa wa tatu au wa nne. Shabiki anamwona kipa nyumba inapowaka moto. Moto ukizimwa anarudi kwa mfungaji. Ile Ballon d'Or kubwa yenyewe, tangu ianze 1956, kipa aliyeipata ni mmoja tu, Lev Yashin, mwaka 1963.

Na hapa ndipo sisi wa Oman tunatakiwa tuone haya kidogo. Katika nchi nzima hii, mtu aliyetufikisha Ligi Kuu ya Uingereza ni mmoja, na ni kipa.

Ali Al-Habsi hahitaji kuelezwa kwa watu wa hapa, lakini watoto wetu wanamjua jina tu, kwa hivyo nirudie. Kijana wa Al-Mudhaibi, alikuwa mzimamoto kiwanja cha ndege kabla mpira haujamchukua. Muingereza John Burridge, aliyekuwa kocha wa makipa hapa, ndiye aliyemwona na kumfungulia njia. Akaenda Norway, timu ya Lyn ya Oslo, na mwaka 2004 akatajwa kipa bora wa nchi ile. Januari 2006 akasajiliwa na Bolton. Halafu akakaa. Miaka minne na nusu alikuwa nyuma ya Jussi Jääskeläinen, na mechi za ligi alizocheza Bolton muda wote huo ni za kuhesabu kwa vidole. Katikati ya kukaa huko benchi alikuja Muscat Januari 2009 akatudakia Kombe la Ghuba zima bila kufungwa hata goli moja, mpaka fainali na Saudia ikaisha kwa penalti. Mliokuwepo Bausher usiku ule hamhitaji nimalizie.

Msimu wa 2010-11 Bolton wakampeleka Wigan kwa mkopo. Wigan ilikuwa inaungua. Mechi ya kwanza nyumbani walifungwa 4-0 na Blackpool, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja. Mechi ya pili, nyumbani pia, Chelsea wakawafunga 6-0. Magoli 10 katika mechi mbili. Mechi ya tatu, ugenini kwa Tottenham, akasimamishwa Ali golini, na Wigan wakashinda 1-0. Tangu hapo nafasi ikawa yake. Haukuwa msimu wa raha. Wigan walimaliza wamefungwa magoli 61 na wao wamefunga 40 tu, na walibaki ligi kuu siku ya mwisho kabisa, tarehe 22 Mei 2011, kwa goli moja la Hugo Rodallega nyumbani kwa Stoke. Wa kumi na sita, pointi 42.

Sasa jiweke mahali pa mtu wa Wigan anayetakiwa kumchagua mchezaji bora wa msimu ule. Mji mdogo, watu wake raga wanaipenda kuliko mpira. Una Rodallega aliyekuokoa siku ya mwisho. Una Charles N'Zogbia, fundi wa mpira kwelikweli. Na una huyu Mwarabu wa mkopo, mali ya Bolton, jirani zako ambao hamwelewani, amesimama kwenye goli lililoingia mipira 61. Karatasi ya takwimu peke yake isingempa. Ukoo hana pale. Hakuna shangazi wa Wigan wa kumpigia kura kwa simu tatu. Kama ni kura za Waomani peke yao, wangapi tungekuwa? Kikombe cha mchezaji bora wa mwaka wa Wigan akapewa yeye. Kiangazi kile kile klabu ikatoa pesa ikamnunua moja kwa moja.

Mie tuzo ile naipenda kuliko vikombe vyengine vyake vyote, na ana vingi. Waliompa walikuwa watu ambao hawamjui baba yake. Waliona mechi baada ya mechi, mvua inanyesha, timu inafungwa, na wakajua kwamba bila ya yule mtu wangeshuka. Hakuna mwengine wa kuipima kazi ya kipa ila yule aliyekuwepo, kwa sababu kazi yake haionekani kwenye magoli. Inaonekana kwenye magoli yasiyokuwepo, na hayo huwezi kuyaandika kwenye picha ukawatumia watu wa Toronto.

Ndiyo maana nikaingiwa na aibu. Sisi ambao wazee wetu walikuja kutoka Unguja na Pemba, wengine na sanduku moja, Kiarabu chao kinachekwa, hakuna mtu hapa anayejua kama sisi nini maana ya kupimwa kwa kabila na jamaa badala ya kazi. Kila barza utakayokaa, baada ya kahawa ya pili, mazungumzo yataingia kwenye wasta. Fulani kapata kazi kwa wasta. Mtoto wangu ana digrii kakosa, mwenye wasta kapata. Tunalalamika mpaka tende zinakwisha. Halafu tunarudi nyumbani tunamfanyia wasta mtoto wa miaka kumi na mbili kwa kikombe cha riali tatu.

Na mtoto anaona. Hilo ndilo linaloniuma, zaidi hata kuliko habari ya yule kipa. Mwanangu anajua mpira, alikuwa uwanjani, alijua nani alistahili. Kitu alichojifunza usiku ule Barka ni kwamba baba yake akibonyeza simu, ukweli unabadilika.

Yule kipa alikaa mpaka mwisho, akasaidia kukunja viti, akaniambia "ami, usiku mwema", akaondoka na mama yake. Mazoezi yalipoanza tena baada ya kiangazi hakuja. Nikauliza, nikaambiwa ana masomo. Mwezi wa pili, ana masomo. Kocha akamweka golini mtoto mwengine, mrefu, mzuri, lakini anaogopa mpira. Msimu huu tumefungwa mechi ambazo sitaki kuzihesabu.

Mwezi uliopita nikaleta hoja kwenye grupu la wazazi: mwaka huu tubadilishe. Wazazi wasipige kura. Wapige watoto wenyewe, kwa karatasi, kila mmoja aandike majina mawili, asijiandike yeye wala ndugu yake wala binamu yake, na kocha ahesabu mbele yao. Na kuanzia msimu ujao kila baada ya mechi wachague mchezaji wa siku ile, kocha aandike kwenye daftari, maana mtu husahau. Ukipiga kura mwezi wa tano unakumbuka mechi ya mwezi wa nne tu, na aliyekuokoa mwezi wa kumi na moja kashafutika. Simba wana tuzo yao ya mashabiki ya kila mwezi, na kwa hili, ingawa nyumba yetu ni ya Yanga tangu babu, naona wamefanya la maana.

Grupu likawaka. Mmoja akasema mpira wa watoto tunaufanya bunge. Mwengine, rafiki yangu sana, akaniuliza, "Kwa hivyo sisi tunaotoa riali zetu hatuna sauti?" Nikamjibu ana sauti, aulize riali zimekwenda wapi, aulize kwa nini glavu ni kubwa. Lakini riali hazikudaka penalti. Hakufurahi. Mama mmoja akasema neno ambalo sina jawabu lake zuri: kwamba watoto nao wana ukoo wao, mwenye PlayStation mpya ana marafiki wengi, na watampa yeye. Inawezekana. Ila nafikiri ni vigumu zaidi kumdanganyia mtu uliyesimama naye uwanjani wakati mnafungwa, na yuko hapo chumbani, anakuangalia unaandika. Na ikiwa watakosea, watakuwa wamekosea wao.

Jengine lililosemwa, na hili lina uzito, ni kwamba familia kumpigia mtoto kura ni mapenzi. Dada yangu Unguja hakukusudia kumdhulumu mtu. Hajui hata kama kuna kipa. Alimwona mtoto wa kaka yake, ambaye hamwoni ila likizo, akafurahi kuwa na kitu cha kumfanyia kutoka mbali. Hiyo ni kweli kabisa na sitaki kuidharau. Sisi tulivyotawanyika hivi, Muscat mpaka Canada, kubonyeza simu ndiyo njia iliyobaki ya kusema mtoto huyu ni wetu. Basi tumpe njia nyengine. Shangazi amtumie salamu, amnunulie viatu, aje amwone akicheza. Jirani yangu akapendekeza kuwe na kikombe cha familia, kila nyumba impe mtoto wake, hata kumi na nne viwe. Sawa, halwa itakuwepo, tutapiga picha. Lakini kile kimoja tukiache kiwe cha mpira.

Tulipiga kura ya kubadilisha kura, na kwa hiyo tu nilicheka peke yangu. Hoja ikapita kwa sauti mbili.

Kuhusu kikombe kilichoko juu ya kabati, nilimwambia mwanangu ukweli. Nilimwita nje, tukakaa kwenye ngazi, nikamweleza habari ya linki na habari ya shangazi yake na simu tatu. Alisikiliza, akasema, "Nilijua, baba. Shangazi aliniambia." Nikamwuliza anataka tukifanyeje. Akasema yeye angempelekea kipa zamani, lakini alidhani mie nitakasirika.

Ijumaa baada ya sala tukaenda wawili. Mama yake alitukaribisha vizuri, akatutilia chai ya maziwa, na watoto wakaingia ndani na kikombe chao. Mie na Bi Mwalimu tukazungumza habari za skuli. Nilijaribu kuomba radhi, akanikatiza, akasema mambo ya watoto haya. Sikumwamini, lakini sikuwa na la kuongeza. Kikombe hakikukubaliwa. Mtoto alikirudisha mwenyewe mpaka garini, akakiweka kiti cha nyuma, akasema si chake, jina lililochongwa ni la mwengine. Nikamwuliza kama atarudi kwenye timu, maana tunamhitaji.

Akasema atarudi, Alkhamisi inayokuja, inshallah. Ila golini hakai tena. Anataka kucheza mbele.